Mtoto Akikosa Neno Hukosa Msaada: Usalama wa Watoto Mtandaoni na Kazi ya Mwalimu wa Kiswahili



Wanafunzi wetu wa ualimu wanapokwenda katika mazoezi ya kufundisha hubeba maandalio ya somo, mpango wa kazi na vitabu vya kiada. Mambo ya ngeli, ufahamu na fasihi simulizi huwa wameyaandaa vyema. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo halimo katika muhtasari wa somo na ambalo mwalimu yeyote kijana anaweza kukutana nalo hapa Uganda. Mtoto anamjia baada ya kipindi, anatazama chini, anasema kuna mtu anamsumbua kwenye simu. Mwalimu afanye nini?

Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo. Hoja yetu ni moja. Sheria zipo, namba za simu za msaada zipo, na vifaa vya kuzuia mambo maovu katika simu vipo pia. Vyote hivyo huanza kufanya kazi pale mtoto anapofungua mdomo, akasema kilichompata, kwa mtu anayemwelewa. Kwa hiyo usalama wa mtoto mtandaoni ni suala la lugha pia, na sisi tunaofundisha lugha hatuwezi kuwaachia walimu wa kompyuta peke yao.

Simu iliingiaje mikononi mwa mtoto?

Mwezi wa Machi 2020 serikali ya Uganda ilifunga shule zote kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19. Baadhi ya madarasa yalifunguliwa baadaye, shule zikafungwa tena mwezi wa Juni 2021, na wanafunzi wote wakarudi tarehe 10 Januari 2022. Uganda ilihesabiwa miongoni mwa nchi zilizofunga shule kwa muda mrefu zaidi duniani. Katika muda huo wazazi wengi walioweza walimpa mtoto simu ili apate masomo. Masomo yalipokwisha, simu haikurudi mfukoni mwa mzazi.

Shule zetu nyingi za sekondari, hasa za bweni, haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Jambo hili huwafanya wazazi na walimu waamini kwamba tatizo halipo. Lakini mtoto huenda likizo, na likizo ya mwisho wa mwaka ni ndefu. Tena mtoto asiye na simu yake hutumia ya mama jioni, ya kaka mkubwa, au ya jirani. Simu ya kutumiwa na wengi ina hatari yake: hakuna anayejua nani alimwandikia nani, na mtoto akifuta ujumbe hakuna wa kumwuliza.

Wapo pia wanaojifariji kwa umri. Mitandao mingi, kama Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp, katika nchi nyingi huweka sharti kwamba mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Yafaa kujua namba hiyo ilitoka wapi. Inatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ambayo inazizuia kampuni kukusanya habari za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi wake. Kwa maneno mengine, namba 13 ilihusu ukusanyaji wa habari. Haikuwekwa kwa kupima ni lini mtoto anaweza kumtambua mtu mwenye nia mbaya. Zaidi ya hayo, mtoto wa miaka 10 akiulizwa mwaka wake wa kuzaliwa huandika mwaka mwingine, na mlango hufunguka.

Tuna majina ya mashine, je, majina ya maovu?

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Katika miaka hiyo na iliyofuata, wanaistilahi wetu wametupatia maneno mengi: tovuti, baruapepe, faili, kabrasha, kiungo, nywila. Hiyo ni kazi ya kushukuriwa. Lakini tukizipitia orodha hizo kwa makini tutaona kwamba kwa sehemu kubwa zinataja viungo vya mashine na kazi zake. Ni nadra zitaje anachofanyiwa mtoto na mtu aliye upande wa pili wa mashine. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kujua nywila ni nini na asiwe na neno hata moja la kueleza kwamba mtu mzima amekuwa akimzunguka kwa miezi mitatu.

Tuyatazame maovu makuu matatu, na maneno yanayoweza kuyataja.

La kwanza ni kumnyemelea mtoto. Kiingereza kina neno moja kwa tendo hili, na neno lenyewe lilitoka kwa mtunza farasi, anayemsugua na kumzoeza mnyama mpaka akubali kuguswa. Katika Kiswahili watu husema kumdanganya mtoto, au kumrubuni. Kudanganya ni neno pana mno. Kurubuni liko karibu zaidi, kwa sababu lina maana ya kuvuta kwa maneno matamu. Lakini mtu anaweza kurubuniwa kwa dakika tano, ilhali tendo tunalolizungumzia ni la subira. Kunyemelea kuna subira ndani yake. Paka anaponyemelea hufika karibu kabla ya kuonekana. Kwa sababu hiyo tunaona neno hili linafaa kufundishwa.

Kunyemelea kuna hatua, na mtoto anayezijua huzitambua. Mtu huanza kwa sifa: picha yako nzuri, una akili kuliko wenzako. Hufuata hisani ndogo, mara nyingi salio la simu au bando. Kisha huhama kutoka katika kikundi cha watu wengi, akataka mazungumzo ya faragha. Baada ya hapo huja siri: usimwambie mama, hataelewa. Hapo ndipo huja ombi la picha, kwanza ya kawaida, halafu nyingine. Hatua ya siri ndiyo kengele ya hatari iliyo wazi zaidi. Mtu mzima mwenye nia njema hana haja ya kumwomba mtoto wa watu aufiche urafiki wao.

La pili ni kutishia kwa picha. Mtu aliyepata picha ya aibu ya mtoto humwambia: nitumie fedha, au nitumie picha nyingine, la sivyo hii itafika kwa wazazi wako na shule nzima. Wavulana hupatwa na jambo hili kama wasichana, hasa pale anayetishia anapotaka fedha, na fedha kupitia simu ni rahisi kutuma. Mtoto huamini kwamba akilipa mara moja mambo yatakwisha. Kwa kawaida hayaishi, kwa sababu aliyelipa ameonyesha kwamba anaogopa na kwamba ana njia ya kupata fedha. Aidha, siku hizi kuna programu za akili unde zinazoweza kuuchukua uso wa mtu kutoka katika picha ya heshima na kuuweka katika picha ya uchi. Kwa hiyo hata mtoto ambaye hakutuma chochote anaweza kutishiwa. Mzazi anayeanza kwa kuuliza "uliituma kwa nini?" huenda anamwuliza asiyetuma.

La tatu ni uonevu mtandaoni. Uonevu wa zamani ulikuwa na mwisho wake: kengele ikilia mtoto alirudi nyumbani. Uonevu wa kikundi cha WhatsApp humfuata mpaka kitandani. Jina la kejeli, picha iliyochezewa, stika iliyotengenezwa kwa uso wake, vyote huzunguka usiku, na asubuhi darasa zima limekwisha kucheka. Mara nyingi wanaofanya hivyo ni watoto pia, na wao wanahitaji kufundishwa kabla ya kuadhibiwa.

Kikulacho ki nguoni mwako

Tunapozungumza na watoto kuhusu mtandao huwa tunasema: jihadhari na watu usiowajua. Ushauri huo ni sahihi lakini hautoshi. Shirika la UNICEF kupitia ofisi yake ya utafiti, pamoja na ECPAT na INTERPOL, walifanya utafiti kuhusu unyanyasaji wa watoto wa kingono mtandaoni katika nchi kadhaa za Asia na za Afrika, zikiwemo Uganda, Kenya na Tanzania. Waliohojiwa walikuwa watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, na ripoti zilianza kutolewa mwaka 2021. Mambo mawili yaliyojitokeza yanatuhusu sana. Kwanza, mara nyingi mtenda uovu ni mtu ambaye mtoto alikuwa akimfahamu tayari. Pili, watoto wengi waliopatwa na mambo hayo hawakwenda polisi wala hawakupiga simu ya msaada; wengi hawakujua waende wapi wala wamwambie nani.

Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto aliyefundishwa kumwogopa mgeni tu atakosa la kusema anayemsumbua akiwa mjomba, mwalimu, au rafiki wa familia.

Kwa nini watoto hunyamaza?

Wengine hunyamaza kwa hofu. Wanajua wakisema watachapwa, watanyang'anywa simu, au wataambiwa wamejitakia. Lakini wapo ambao husema, na sisi hatusikii. Hapa ndipo lugha inapotutega.

Fikiri kuhusu mtoto anayesema: "Amenitumia matusi." Mtu mzima hufikiri juu ya maneno ya kutukana, akajibu: "Mpuuze." Mtoto alikusudia picha ya uchi. Au anasema: "Aliniomba picha mbaya," na anayesikia hafahamu ni picha ya aina gani. Sisi wenyewe tumewafundisha kuficha kwa neno mbaya, neno chafu, neno mambo yale. Katika mahakama za Kenya watoto waliodhulumiwa wamezoeleka kutoa ushahidi kwa maneno "alinifanyia tabia mbaya", na majaji wamelazimika kueleza katika hukumu zao maneno hayo yana maana gani na kama yanatosha kuthibitisha kosa. Tafsida ni pambo la lugha yetu na tunaifundisha kwa fahari. Hata hivyo, tafsida inayomnyima mtoto haki yake imevuka mpaka wa adabu. Tunaweza kubaki na heshima na tukawa wazi: picha ya uchi, sehemu za siri, alinishika, aliniomba nivue nguo. Haya si matusi. Ni maneno ya ushahidi.

Methali nazo tuzitumie kwa uangalifu. Mwalimu anayempokea mtoto kwa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu" au "majuto ni mjukuu" amemfunga mdomo, yeye na wenzake watakaosikia habari hizo. Kwa mtoto aliye taabuni methali inayofaa ni "mficha maradhi kifo humuumbua", kwa kuwa hiyo humwita aseme.

Kuna jambo jingine linaloihusu Uganda hasa. Kwa miaka mingi Kiswahili kilisikika hapa kwetu kama lugha ya askari. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, watu wengi walikihusisha na amri na bunduki, na kumbukumbu hiyo haijafutika kabisa. Tangu hapo mengi yamebadilika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini lugha haipendwi kwa azimio. Mtoto akiisikia kwa mara ya kwanza katika kumlinda, ataipokea kwa moyo mwingine.

Hatusemi kwamba kila mtoto wa Uganda atatoa siri yake kwa Kiswahili. Wengi watasema kwa Luganda, kwa Acholi, kwa Runyankore, na mwalimu ampokee kwa lugha yoyote iliyo karibu na moyo wake. Lakini wapo watoto ambao Kiswahili ndicho kilicho karibu: watoto wa miji ya mpakani kama Busia na Malaba, na watoto wa wakimbizi kutoka Kongo walioko Nakivale, Kyaka II na Kyangwali. Kwa mtoto kama huyo mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwa mtu mzima wa pekee shuleni anayeielewa sentensi yake yote.

Sheria inasema nini?

Mwalimu si mwanasheria, lakini mambo machache ni lazima ayajue.

Katika sheria za Uganda mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inakataza kutengeneza, kutoa, kusambaza au kumiliki picha za ngono za watoto, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 15. Sheria hiyo inakataza pia kumsumbua na kumtishia mtu kwa njia ya kompyuta, na simu ni kompyuta kwa maana ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya au kutumia habari za mtoto. Shule zinazobandika mtandaoni picha za wanafunzi, majina yao na madarasa yao zikumbuke jambo hili.

Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaja mwalimu, pamoja na daktari na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, miongoni mwa watu wanaopaswa kutoa taarifa wanapoamini kwa sababu za msingi kwamba mtoto anadhulumiwa. Kunyamaza "ili kulinda jina la shule" hakukubaliki.

Majirani zetu nao wana sheria zao: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandaoni. Katika Umoja wa Afrika, Mkataba wa Malabo kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa habari binafsi ulipitishwa mwaka 2014 na ukaanza kutumika mwezi wa Juni 2023.

Mtoto akikujia, fanya hivi

1. Msikilize mpaka mwisho. Usimkatize, usishangae kwa sauti, usiulize "kwa nini ulikubali?" Swali la kwanza lenye lawama huwa ndilo la mwisho kujibiwa.

2. Mwambie mambo matatu: umefanya vyema kuniambia, kosa si lako, tutatafuta msaada pamoja. Usimwahidi kwamba utaifanya siri, kwa sababu hutaweza kuitimiza ahadi hiyo. Mwambie ni nani utakayemwarifu na kwa nini.

3. Mshauri asilipe, asijibu na asifute. Ujumbe, jina la akaunti, namba ya simu, tarehe na saa ni ushahidi. Maneno ya vitisho yanaweza kupigwa picha ya skrini au kunakiliwa katika karatasi.

4. Picha ya uchi ya mtoto usiipige nakala, usijitumie, wala usiitume kwa mwalimu mkuu au katika kikundi cha walimu, hata kama nia yako ni kuonyesha ushahidi. Kuisambaza ni kosa, na kila anayeiona anaongeza jeraha. Iache katika simu ilimo, simu ikabidhiwe kwa wanaohusika.

5. Toa taarifa siku hiyo hiyo. Katika shule nyingi wapo walimu walezi wa wasichana na wa wavulana. Anza nao pamoja na mwalimu mkuu. Polisi wana Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia, na kila wilaya ina afisa wa ustawi wa jamii. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, haitozi gharama, na hapa Uganda inajulikana kwa jina la Sauti. Namba hiyo hiyo hutumika Kenya na Tanzania. Iwapo anayeshukiwa ni mtu wa shule yenyewe, usisubiri kikao cha shule: nenda moja kwa moja polisi au piga 116.

6. Ushahidi ukishahifadhiwa, akaunti ya mtenda uovu izuiwe na iripotiwe katika mtandao unaohusika. Kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18 kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya kituo cha NCMEC cha Marekani. Huduma hii hutengeneza alama ya utambulisho ya picha, mithili ya alama ya kidole, na kuipeleka kwa mitandao iliyojiunga nayo ili picha hiyo itambuliwe na kuondolewa. Picha yenyewe haitoki katika simu ya mwenyewe.

7. Usimwache baada ya hapo. Mtoto anayetishiwa anaweza kufikiri kwamba maisha yake yamekwisha. Muulize hali yake kesho na keshokutwa, na akionyesha dalili za kutaka kujidhuru asiachwe peke yake, apelekwe kwa mhudumu wa afya mara moja.

Namna ya kulifundisha darasani

Hatuhitaji kipindi kipya katika ratiba. Mada ya simu na mawasiliano inaingia kwa urahisi katika somo la Kiswahili, na mazungumzo mafupi yanatosha kuwa zoezi la ufahamu na la kuigiza. Tunatoa mfano mmoja ambao walimu wanaweza kuubadilisha kulingana na darasa:

Mwanafunzi: Shikamoo, mwalimu.
Mwalimu: Marahaba. Karibu, keti.
Mwanafunzi: Mwalimu, kuna mtu mtandaoni ananinyemelea. Alikuwa akinitumia salio. Sasa anataka nimtumie picha ya uchi, na amesema nisimwambie mtu.
Mwalimu: Umefanya vyema kuniambia. Kosa si lako. Ujumbe wake bado upo?
Mwanafunzi: Upo. Nilitaka kuufuta.
Mwalimu: Usiufute, wala usimjibu. Nitamwita mwalimu mlezi tukae naye, halafu tutamweleza mzazi wako pamoja.
Mwanafunzi: Baba atanichapa.
Mwalimu: Nitakuwepo. Nitamweleza mimi kwanza.

Baada ya kuigiza, wanafunzi waulizwe: ni maneno gani yaliyomsaidia mwalimu kuelewa haraka? Ni jambo gani mwalimu hakuuliza, na kwa nini? Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kuandika barua kwa mdogo wao anayepewa simu kwa mara ya kwanza, au insha ya hoja kuhusu kama shule ziruhusu simu. Katika sarufi, kauli ya kutendwa inapata mifano hai: kunyemelewa, kutishiwa, kuonewa. Katika mifano hiyo mtoto ndiye aliyetendwa, na ni vyema aisikie sarufi ikimwambia hivyo.

Mwalimu asimlazimishe mtoto yeyote kutoa habari zake mbele ya darasa. Aseme tu, mwishoni mwa kipindi, kwamba mwenye jambo la kusema atampata mahali fulani, saa fulani. Kisha awepo hapo.

Neno kwa wazazi

Wanafunzi wetu wengi ni wazazi pia, au watakuwa. Programu za kudhibiti matumizi ya simu zinasaidia kwa watoto wadogo, na ni vyema kuzitumia. Simu ilale sebuleni usiku, akaunti ya mtoto iwekwe faragha, na mtoto ajue kwamba jina la shule yake, mtaa wake na mahali alipo havitangazwi. Lakini kabla ya hayo yote mtoto aambiwe kwa maneno yaliyo wazi: likikupata jambo katika simu hii, hata kama umekosea, njoo uniambie, sitakunyang'anya wala sitakuchapa kwa kuniambia. Ahadi hiyo itunzwe siku itakapojaribiwa. Mtoto anayejua kwamba atapoteza simu akisema, atachagua simu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mtoto anahitaji vitu viwili: neno la kutaja kilichompata, na mtu atakayelipokea neno hilo bila kumlaumu. Vyote viwili vinaweza kupatikana katika darasa la Kiswahili. Tunawaomba walimu na wanafunzi wanaokwenda shuleni watuletee maneno wanayoyasikia kwa watoto wenyewe, kwa kuwa huenda watoto wana maneno bora kuliko haya tuliyoyapendekeza. Tuyakusanye, tuyajadili, tuyafundishe. Na namba 116 iandikwe ubaoni, pembeni, mahali ambapo haifutwi.